Kopo Lililoandikwa Azúcar

Sukari ikiungua hutoa harufu mbili, moja nyuma ya nyingine. Ya kwanza ni nzuri, inafanana na ya kahawa iliyotoka kukaangwa, nawe unavuta pumzi na kumeza mate. Ya pili huja ghafla, chungu, ikakung'ang'ania kooni. Kati ya harufu hizo mbili muda ni mfupi sana. Ukigeuka kumjibu mtu, umechelewa.

Juzi mjukuu wangu alikuwa anatengeneza kashata za karanga, akageuka kidogo tu kumfukuza kuku mlangoni. Kabla sijafungua mdomo harufu ya pili ilikuwa imefika. Yeye akabaki anasugua sufuria kwa mchanga, amenuna, na mimi nikaingia chumbani kutafuta kopo langu la vifungo.

Ni kopo la bati, la mviringo, mdomo umeliwa na kutu. Rangi yake ya buluu imebanduka karibu yote, lakini herufi bado zinasomeka: AZÚCAR. Tangu nilijue halijawahi kutiwa sukari. Siku nilipoliona mara ya kwanza lilikuwa limejaa misumari ya inchi tatu. Kopo hilo na neno lake vilininyima usingizi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, vikanikosesha kitu nilichokitaka kuliko vyote, na mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka moto. Naomba mnivumilie niwaeleze taratibu, maana nikiharakisha nitakosea kama nilivyokosea siku ile.

Tulikaa Igogo, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukivuma kutoka majini, nguo zilizoanikwa zilinuka dagaa. Ilikuwa miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Vilipiganwa mbali sana na kwetu, lakini vilitufikia Mwanza kwa mlango wa duka: leo hakuna mafuta ya taa, kesho hakuna khanga, na sukari nyeupe tuliipata kwa vijiko, siku za wageni tu. Baba yangu alikuwa fundi seremala katika karakana ya misheni, chini ya Bradha Anselmo, mtawa Mhispania mmoja mfupi, mwenye ndevu zilizokuwa na vumbi la mbao siku zote. Ndiye mwenye kopo.

Nilikuwa nimempelekea baba chakula, nikaliona juu ya benchi. Nilikuwa nimejifunza kusoma, na nilisoma kila kitu kilichonijia mbele, hata magunia.

"Shikamoo Bradha. Kwenu misumari inaitwa azukari?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya ubao. "Marahaba, Kabula. Hapana! Misumari ni misumari. Hilo kopo la mama yangu, la jikoni. Asúkar. Sukari!" Akajipiga kifua. "Neno letu hilo, la Hispania. Waingereza walilichukua kwetu, wakalikata kichwa, wakalikata mkia, wakabaki na 'sugar' yao."

Niliondoka nimefurahi. Nilikuwa nimepata siri.

Siri hiyo nilikaa nayo siku moja tu. Kesho yake Mwalimu Zakaria alitutangazia kwamba Mkaguzi wa Shule angefika Jumamosi ya wiki iliyofuata, na kwamba angechagua msichana mmoja wa kwenda bordingi. Nasema mmoja. Darasani tulikuwa wasichana watano, na mtoto wa kike ambaye hakupata nafasi hiyo alirudi nyumbani kutwanga na kungoja posa. Mimi sikutaka kutwanga wala kungoja. Nilitaka kusoma mpaka nichoke.

Mwalimu Zakaria alikuwa mwembamba, mwenye koti moja alilolifunga vifungo vyote hata kwenye jua kali. Alianza kufundisha tangu enzi za Wajerumani. Alisema kila msichana angesimama mbele ya Mkaguzi na wazazi, aeleze kitu kimoja kinachotumika nyumbani: kinafanana vipi, kinapatikanaje, na jina lake limetoka wapi.

"Maelezo mafupi," alisema. "Na jina litoke mahali pamoja tu. Msinichanganyie mgeni."

Milembe, aliyekaa dawati moja na mimi, alichagua kuku. Mimi nikachagua sukari, kwa sababu ndicho kitu tulichokikosa, na kwa sababu ya siri yangu. Halafu Mwalimu akageukia ubao, akaandika maneno tuliyoyapata kwa Waingereza ili yatusaidie: penseli, kabati, baisikeli, sukari.

Mkono wangu ulipanda wenyewe. "Mwalimu, Bradha Anselmo anasema sukari ni neno la Wahispania."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakugeuka. "'Sugar', sukari. Sikio lenyewe linasikia. Bradha Anselmo anatengeneza madawati. Siku akianza kutengeneza lugha, nitakuita."

Hapo ndipo adha yangu ilipoanza. Mimi nilikuwa mtoto wa kung'ang'ania. Mama alikuwa akisema nikishika swali nalishika kama kupe. Saa za kutoka shule zilipofika sikwenda nyumbani, nilikwenda gatini kwa Mzee Sefu, muuza kahawa, mtu wa pwani aliyekuwa amesoma sana msahafu. Nilimwamkia, nikamuuliza kama amewahi kusikia kwamba sukari ni neno la Hispania.

"Hispania ndiyo wapi?" aliniuliza. "Binti, hilo ni neno la Kiarabu. Sukkar. Ukitaka kuitaja kwa heshima yake unasema assukkar. Nani anakudanganya?"

Walikuwepo wapagazi wawili wanakunywa kahawa, wakaingilia. Mmoja, Mkerewe, akasema, "Sisi bibi zetu tumewakuta wanasema sukali. Basi ni yetu."

"Bibi yako aliilima wapi sukari, wewe?" Mzee Sefu akamkatiza.

"Na kahawa unayouza umeilima wewe?"

Wakashikana maneno hapo, nami nikasubiri zamu yangu mpaka miguu ikauma. Walipotulia nikauliza, "Na Waarabu, Mzee, walilipata kwa nani?"

"Maswali yako yanapoza kahawa," alisema. "Nenda nyumbani."

Nilikwenda, lakini njiani jambo moja lilinipiga. Asúkar ya Bradha. Assukkar ya Mzee Sefu. Zilifanana mpaka mlangoni, ile 'as' ya mbele. Asubuhi nilikimbilia karakanani kabla ya shule, nikamwambia Bradha. Akapiga randa mara tatu, nne, mabaki ya mbao yakadondoka miguuni pake kama maganda ya viazi.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Waarabu walikaa kwetu miaka mingi sana, mamia. Waliondoka, maneno yakabaki. Mafuta, machungwa, hata mto wa kulalia: nusu ya nyumba ya mama yangu ni Kiarabu. Kile cha mbele, 'as', kwao ni kitangulizi cha jina tu, sisi tulidhani ni sehemu ya neno, tukabeba vyote." Akaniangalia kwa haya ya mtu aliyebambwa. "Jana sikupenda kusema."

Mnaelewa jinsi nilivyokasirika? Mtu mzima, mwenye ndevu, ananiambia kitu akijua kwamba ni nusu tu. Na mwingine ananiambia nusu yake, wa tatu anadai bibi yake, na Mwalimu ameshaandika ubaoni kwa chaki. Kila niliyemuuliza alilikumbatia neno kama mtoto wake wa kumzaa. Hakuna hata mmoja aliyesema "sijui". Siku zilikuwa zinakwisha, na mimi nilitakiwa kusema mahali pamoja.

Zilikuwa zimebaki siku tatu nilipomfikiria Ba.

Ba alikuwa mke wa Mzee Ramji, Mhindi mwenye duka Mkuyuni. Jina lake halisi sikulijua. Sote tulimwita Ba, kama watoto wake walivyomwita. Nyuma ya duka lao kulikuwa na uwanja, na uwanjani kinu cha kukamulia miwa kilichozungushwa na ng'ombe mmoja mweupe mwenye subira. Maji ya miwa yalimiminwa ndani ya karai pana kama kitanda, juu ya moto wa maganda ya miwa yenyewe, na Ba akayapika mpaka yakawa sukari guru. Tangu sukari nyeupe ipotee, mji mzima uliitegemea ile sukari guru yake. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alitia ute wa bamia zilizopondwa, uchafu wote ukapanda juu kama povu, akauengua. Kisha alikoroga kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Mapovu yalianza makubwa na meupe, yakapungua, yakawa ya njano, madogo, mengi, kama macho ya dagaa.

Na hapo palikuwa na sheria, kila mtoto wa Mkuyuni na Igogo aliijua. Ukikuta karai motoni, hukuondoka bila kuonjeshwa. Lakini mapovu yakishakuwa macho ya dagaa, hakuna ruhusa ya kumsemesha anayekoroga, hata kama nyumba inaungua, mpaka karai litoke motoni.

Mimi nilifika yakiwa macho ya dagaa.

Nilisubiri. Nawaambia kweli nilisubiri. Nilisimama kwa mguu huu, nikasimama kwa ule. Moshi ulinitoa machozi. Nilihesabu pembe za ng'ombe, zilikuwa mbili tu. Kila pumzi niliyovuta ilikuwa tamu, na kila pumzi nilihisi Jumamosi inasogea. Mdomo ukafunguka.

"Ba, kwenu sukari mnaiitaje?"

Angenikaripia bila kugeuka ningeelewa. Lakini aligeuka mwili mzima, mwiko ukiwa umesimama mkononi, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Nadhani katika miaka yote aliyokaa Mwanza, watu walimuuliza bei na vipimo, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza kwao wanasemaje.

"Sakar," alisema, akatabasamu. "Sisi nasema sakar. Baba yangu mimi, yeye nasoma kitabu ya zamani sana, yeye nasema..."

Harufu ya kwanza ilitufikia wote wawili kwa pamoja. Alipogeuka, ya pili ilikuwa tayari imekuja.

Miwa ya kutwa nzima. Kijana aliyemswaga ng'ombe alipiga kelele, ng'ombe akasimama, Ba akavuta karai akaumwagia moto maji, mvuke ukajaa uwanja mzima. Hakunipiga. Alilipiga karai kwa mwiko, mara moja, likalia kama kengele.

"Wewe iko toto mbaya! Mdomo yako nafungua saa gani? Saa gani?"

Nililia, naye hakunibembeleza. Alinipa kipande cha bati nikwangue. Nikakwangua, vidole vikinata na kuniwasha, na ukingoni, mahali ambapo moto haukufika sana, sukari ilikuwa imeganda chengachenga, ngumu, za kahawia. Ba alichutama kando yangu. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini sentensi aliyoianza ilikuwa inamsumbua, nayo ilitaka kutoka. Alibandua chenga moja kwa ukucha, akaniwekea kiganjani.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo jina yake."

Akanieleza. Katika vitabu vile vya zamani alivyosoma baba yake, katika lugha ambayo sasa hakuna anayeizungumza sokoni, neno lenyewe lilikuwa na maana ya kokoto. Vile vijiwe vya mtoni. Watu walipika maji ya miwa, wakaona yanaganda namna hii, wakasema hizi ni kokoto. Waajemi wakaja wakanunua kokoto na jina lake. Waarabu wakachukua kwa Waajemi.

"Na kabla ya hapo, Ba?"

Alifikiri. "Kabla ya hapo mimi hapana jua."

Sitasahau utulivu ulioniingia. Katika watu wote niliowasumbua, yeye ndiye wa kwanza kuniambia hajui, na kwa hiyo ndiye niliyemwamini.

Usiku ule niliandika ukurasa mzima. Nilieleza kwamba neno lilizaliwa likiwa kokoto nchini India, likapita Uajemi, likafika kwa Waarabu, na hapo njia ikagawanyika. Tawi moja lilikwenda Hispania, wakaliita azúcar, na chipukizi lake jingine likapita nchi nyingine za Ulaya mpaka Uingereza, wakaliita 'sugar'. Tawi la pili lilishuka mpaka pwani yetu, likapanda bara na misafara, likatufikia Mwanza. Kwa hiyo sukari si mtoto wa 'sugar'. Ni watoto wa ndugu, mmoja alilelewa huku na mwingine kule. Nilikuwa nimejivunia sana hapo pa watoto wa ndugu.

Ijumaa nilimsomea Mwalimu Zakaria. Alisikiliza amesimama, akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Ni ndefu," alisema.

"Nitaifupisha, Mwalimu."

"Si urefu." Alitazama dirishani. "Mkaguzi ni Mwingereza. Utasimama mbele yake, umwambie neno lake ameliokota kwa Waarabu, na Waarabu kwa Wahindi, na Wahindi mtoni?"

"Ndivyo ilivyo, Mwalimu."

"Utasema limetoka katika Kiingereza. Sentensi moja. Kisha utaje faida za sukari."

"Lakini si kweli."

"Kabula. Bordingi unaitaka au huitaki?"

Nilirudi nyumbani natupa mawe kwenye kila kichaka. Nilikuwa na jibu, jibu lote, nililolipata kwa vidole vilivyoungua, na mtu niliyetakiwa kumheshimu ananiambia nilimeze.

Jumamosi shule ilifagiliwa mara mbili. Kulikuwa na uji kwa wote, na kwa kuwa sukari haikuwepo, Mwalimu alikuwa ameiomba sukari guru kwa Mzee Ramji. Ba hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alileta ile iliyoungua. Uji ulikuwa wa kahawia na ulinuka moshi, wazazi wakawa wanaangaliana kimya juu ya vikombe, na mimi peke yangu nilijua kwa nini. Ba alikaa benchi la mbele, amevaa sari nyeupe iliyopigwa pasi. Nilikuwa nimemwambia kwamba kokoto zake zitatajwa.

Mkaguzi alikuwa mrefu, pua imebabuliwa na jua, na alizungumza Kiswahili polepole na kwa usahihi, cha pwani kuliko chetu. Milembe alianza. "Kuku ni ndege. Kuku ana faida tatu." Alizitaja zote tatu bila kukosea, na nilimchukia kwa kila faida.

Zamu yangu ikafika. Nilisimama. Ladha ya uji ule wa sukari iliyoungua ilikuwa bado mdomoni. Nilimwona Ba ameinama mbele kidogo ili asikie vizuri. Nilimwona Mwalimu Zakaria amesimama ukutani, amekamata kifungo cha juu cha koti lake kama mtu anayeogopa kisidondoke.

"Sukari ni kitu kitamu," nilisema. "Neno sukari limetoka..."

Nilimtazama tena Mwalimu. Kifungo kile cha koti kilikuwa kinazunguka.

"Limetoka katika Kiingereza. 'Sugar'."

Mkaguzi alitabasamu. Laiti angekuwa mkali! Alitabasamu kwa upole kabisa. "Hapana, binti. Hapo umekosea. Limetoka kwa Waarabu. Sisi na ninyi, sote tulilipata kwao. Nani alikufundisha hivyo?"

Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Hata leo siwezi kuwaambia kwa nini nilijibu nilivyojibu. Haukuwa wema. Nadhani ilikuwa aibu tu, iliyotafuta mlango wa karibu.

"Nilifikiri mwenyewe, Bwana."

Watu wakacheka. "Kufikiri si vibaya," Mkaguzi akasema, anaandika kitu katika daftari lake. "Lakini siku nyingine, uliza wanaojua."

Niulize wanaojua! Nilikuwa nimeuliza nusu ya mji. Nilijua kuliko yeye, maana yeye alikomea kwa Waarabu. Ndani ya chumba kile tulikuwa watatu tu tuliojua habari za kokoto, mimi, Ba na Mwalimu niliyemsomea, na mimi nilikuwa nimetoka kusema uongo ili kumfurahisha Mkaguzi, ambaye uongo huo haukumfurahisha hata kidogo. Niliketi. Milembe akapata nafasi.

Wiki ile nilimkasirikia kila kiumbe. Bradha Anselmo, baba alipomsimulia, alimwaga misumari yote kwenye sanduku, akanipa kopo. "Chukua. Mama yangu angependa." Nilikaribia kulitupa ziwani. Kilichonizuia ni kwamba sikutaka kumpa mtu yeyote faida ya kuniona nalia.

Jumatatu ya pili nilikwenda Mkuyuni, maana kutokwenda kulikuwa kunaniuma zaidi. Mapovu yalikuwa macho ya dagaa. Nilisimama mbali, mdomo nimeufunga kwa mkono. Ba aliniona, akaendelea kukoroga. Alidondosha tone katika bakuli la maji baridi, akalifinya, likawa kidonge. Karai likatoka motoni. Akamimina katika vifuu vyote vya kugandishia, cha mwisho akakipangusa kwa kidole. Ndipo akaniita.

"Wewe najua. Mimi nakupa yote. Kwa nini nasema ingine?"

"Niliogopa, Ba."

"Naogopa nani?"

Nikatafuta. Mkaguzi sikumwogopa, wala Mwalimu, kwa kweli. "Sijui."

Ba akalivuta sanduku tupu, akakaa, akazinyoosha nguo zake magotini. "Haya. Mimi navaa nguo safi, nafunga jiko, nakwenda sikia. Hapana sikia. Sasa sema."

Nikasema. Nilisimama katikati ya uwanja ule, mbele ya mwanamke mmoja na ng'ombe mmoja, nikaanza kwenye kokoto. Nilisema Uajemi, nikasema Waarabu, nikaeleza njia ilivyogawanyika. Ba alikuwa anaitikia kwa kichwa, maana hayo alikuwa nayo. Lakini nilipofika Hispania alininyoshea mkono nisimame kwanza. Hilo hakulijua. Nikalitoa kopo kwenye mkoba. Herufi zile hakuweza kuzisoma, alisoma za kwao tu, kwa hiyo alizipapasa kwa kidole moja moja huku mimi nikimtajia.

"Mpaka huko?"

"Mpaka huko, Ba. Na kwa Waingereza pia."

"Kokoto ya sisi," akasema, akaanza kucheka, bega linatikisika, na mimi nikacheka naye kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akanionjesha, kama sheria ilivyotaka.

Mwalimu Zakaria yeye hakuniambia neno. Alichofanya ni kumwomba baba nirudie darasa, kisha akawa ananizuia. Kila siku wenzangu walipotoka, aliniita nikae saa moja zaidi, hesabu na Kiingereza, Kiingereza na hesabu, mwaka mzima. Niliona ananiadhibu kwa kumwaibisha. Nilijibu kwa sauti ya chini, nilinuna, siku moja nilimvunjia chaki makusudi. Aliokota vipande, akaendelea kuandika navyo. Mwaka uliofuata nafasi ilipotokea tena, nilifanya mtihani nikaipata, na nilipopanda meli nilijiambia kwamba nimemshinda.

Mimi mwenyewe nilikuwa tayari mwalimu nilipokutana naye Igogo, mzee sana, koti ni lilelile. Nilimpa shikamoo, tukakaa barazani kwake. Ni yeye aliyeianzisha habari ya sukari.

"Wajerumani walinifundisha kusema Zucker," alisema. "Kwa hiyo siku ile uliponiambia habari za Bradha, nilijua kwamba neno hilo lina ndugu wengi. Lakini Kijerumani nilikisoma miaka saba, nikaambiwa ndiyo elimu. Walipoondoka nikaambiwa hiyo si elimu, anza upya. Mtu aliyeanza upya na watoto sita nyumbani, Kabula, hapendi kumsahihisha mkubwa." Akanitazama. "Ulinificha mbele ya Mkaguzi. Zile saa za baada ya masomo, wewe ulidhani ni nini?"

"Adhabu, Mwalimu."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakumbuka vile vipande vya chaki.

Nilifundisha miaka mingi. Mtoto akinyosha mkono na jibu lisilo langu, niliweka chaki chini nikamwambia, haya, nieleze tangu mwanzo. Mara nyingi alikuwa amekosea, nasi tukatafuta pamoja alipopotea. Mara chache nilikuwa nimekosea mimi. Lakini hasira ya siku ile haijaniisha yote, na sidhani kama inatakiwa kuisha.

Kuna jambo moja nililigundua nikiwa chuoni, katika kamusi kubwa. Waingereza wana neno jingine, 'jaggery', ndilo wanaloiitia sukari guru. Walilipokea kwa Wareno, na Wareno kwa watu wa kusini mwa India, na asili yake ni kokoto zilezile. Yaani Waingereza walilipata neno la Ba mara mbili, kwa njia mbili, bila kujua kwamba ni moja. Nilipolisoma niliinuka kitini, nikitaka kukimbia mpaka Mkuyuni. Lakini Ba alikuwa ameshafariki, na uwanja ule umejengwa ghala.

Kwa hiyo huwa namwambia jikoni, nikiwa peke yangu napika kashata. Ila kwanza naitoa sufuria motoni.